Kirikuu ya Kyela juu Kitulo: kisa cha kabureta, hewa nyepesi na valvu iliyoungua

Kisa hiki nakitumia kufundishia vijana wa ufundi magari. Jina la mwenye gari, vijiji na gereji zote tatu nimeviondoa. Barabara nimeiacha ilivyo, kwa sababu bila kuijua barabara yenyewe kisa hakieleweki.

Gari na njia yake

Gari ni kirikuu (pikapu ndogo ya mizigo) ya zamani ya petroli, silinda tatu, yenye kabureta, inayochanganya petroli na hewa, na distributa, inayogawa umeme wa cheche kwenye plagi. Kwa miaka kadhaa ilikuwa Kyela ikibeba mpunga kutoka mashambani kwenda mashineni. Kyela iko bondeni karibu na Ziwa Nyasa, kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na joto lake kila dereva wa kusini analijua. Fundi wa huko alikuwa ameitengeneza vizuri: silensa (mzunguko wa injini mguu ukiwa nje ya mafuta) imetulia, moshi hauonekani, plagi zina rangi ya kahawia.

Kijana mmoja wa Makete aliinunua ili abebe viazi. Vijiji alivyokuwa akichukulia mzigo viko pembezoni mwa uwanda wa Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi. Kutoka Kyela hadi huko unapanda hadi Tukuyu, iliyo juu ya mita 1,500, unaendelea hadi Isyonje, kisha unakunja kuelekea Kitulo. Ni safari ya siku moja, lakini hewa ya mwanzo na ya mwisho wa safari hiyo si moja. Mwezi Juni na Julai asubuhi za kule juu zina sakitu, yaani umande ulioganda, na gari haliwaki bila kuvuta choki, inayobana hewa ili petroli izidi injini ikiwa baridi.

Dalili

Wiki za kwanza mwenye gari alidhani ni mzigo tu. Magunia ya viazi ni ya lumbesa, yaani yamejazwa kupita kipimo, na kirikuu haikuundwa kwa lumbesa. Lakini hata likiwa tupu gari lilikuwa zito kuitikia. Bomba lilitoa moshi mweusi kila akikanyaga mafuta. Ukilizima likiwa la moto, kuliwasha tena ni kazi. Ulaji wa mafuta ulipanda: alikuwa ameambiwa litakwenda kilomita 13 kwa lita, yeye akawa anapata 8. Plagi zilijaa masizi meusi makavu, akizisafisha zinarudi vile vile baada ya siku chache.

Masizi makavu kwenye plagi zote tatu yanasema petroli imezidi hewa. Kama ni oili inayopanda kwenye ringi za pistoni, plagi huwa na ute unaong'aa, na mara nyingi silinda moja huzidi nyingine. Ushahidi huo ulikuwepo tangu siku ya kwanza.

Gereji mbili, majibu mawili

Gereji ya kwanza ilibadilisha plagi, koili na eya klina. Si kazi mbaya, maana klina iliyoziba nayo huzidisha petroli. Gari lilipata nafuu kidogo, kisha moshi ukarudi.

Gereji ya pili, iliyo kule kule juu, ilipima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya kila silinda. Saa ya kipimo ilisoma paundi (psi) 128, 130 na 127. Fundi alijua kwamba kitabu cha injini ile kinataka kama 180. Akahitimisha kwamba ringi zimekwisha, injini inataka ovaholi, yaani kufunguliwa na kutengenezwa yote, akataja bei. Mwenye gari aliomba muda wa kutafuta fedha, na muda huo ndio uliomwokoa.

Swali la mzee

Fundi wa tatu ni mzee aliyewahi kufanya kazi za magari bondeni na milimani. Kabla hajafungua boneti aliuliza:

"Mwanangu, hii gari kabla hujainunua ilikuwa inafanyia kazi wapi?"

"Kyela, mzee. Ilikuwa inabeba mpunga."

"Na tangu umeinunua, kabureta imeguswa?"

"Hapana. Wamegusa plagi na koili tu."

Alipoonyeshwa namba za kompresheni alizitazama akasema ziko sawa. Kijana hakuelewa, kwa hiyo mzee akamweleza: mita ya kompresheni husoma hewa iliyobanwa, na hewa ya kubana kule juu ni chache tangu mwanzo. Kwenye mita 2,600 mgandamizo wa hewa ni kama hektopaskali 737, wakati usawa wa bahari ni 1,013, yaani asilimia 73 hivi. Chukua 180 ya kitabu, zidisha kwa 0.73, unapata 131. Injini ile ilisoma 127 hadi 130, na silinda zote tatu zinakaribiana. Hiyo ni injini nzima.

Alichofanya, na alichokataa kufanya

Hakukimbilia jeti, yaani kitundu cha kabureta kinachopima petroli. Alianza na vitu vinavyoweza kuzidisha petroli popote pale. Alipima usawa wa boya linalodhibiti petroli ndani ya kabureta, akaangalia kama sindano yake inafunga, akakagua waya wa choki. Hapo akakuta tatizo dogo: waya ulikuwa mzito, na choki haikurudi yote ikisukumwa. Asubuhi za sakitu ilivutwa, kisha gari likatembea siku nzima choki ikiwa imefunga robo. Alipaka grisi, akaurekebisha, akalijaribu gari. Moshi ulipungua lakini haukuisha.

Ndipo akaitoa jeti kuu. Ilikuwa na namba 100, yaani tundu la milimita moja. Akaweka 95. Tofauti inaonekana ndogo, lakini petroli hupita kwa kadiri ya eneo la tundu, na eneo la 95 ni asilimia 90 ya eneo la 100. Amepunguza petroli kwa karibu sehemu moja ya kumi. Akarekebisha skrubu ya silensa, kisha akazungusha distributa na kuwahisha taimingi, yaani wakati wa cheche, kwa nyuzi nne. Sababu yake ilikuwa sahihi: silinda isiyojaa vizuri huwa na mgandamizo mdogo, moto husambaa polepole zaidi, na kuwahisha cheche kidogo kunarudisha sehemu ya nguvu bila injini kugonga, yaani bila mchanganyiko kulipuka wenyewe ndani ya silinda.

Matokeo yalikuwa mazuri. Moshi uliisha, plagi zikawa za kahawia, na ulaji ukarudi hadi kilomita 11 kwa lita. Kijana alifurahi, ila akataka zaidi. Gari bado halikupanda kama wenzake walivyomsimulia kwamba lilikuwa likipanda kutoka Kyela. Akaomba jeti ndogo zaidi, labda 90.

Mzee alikataa, na kwangu mimi huu ndio uamuzi bora katika kisa chote. Nguvu iliyokuwa imepotea ilikuwa na mafungu mawili. Fungu la kwanza lilitokana na petroli kuzidi, na hilo lilikwisha rudi. Fungu la pili linatokana na hewa kuwa chache: kwenye mita 2,600 kila mzunguko wa injini hunyonya hewa iliyopungua uzito kwa asilimia 19 hivi kuliko kwenye mita 500. Injini iliyotoa nguvu za farasi 40 bondeni, kule juu itatoa kama 32 hata ukiitengeneza vipi. Fundi anayeendelea kupunguza jeti akiitafuta nguvu hiyo ataua injini, na nguvu hataipata.

Gari lilikabidhiwa. Jeti ya zamani alipewa kijana ikiwa imefungwa kwenye karatasi. Kuhusu kushuka nalo bondeni halikusemwa neno.

Mzigo wa Kyela

Msimu wa mavuno ya mpunga ulipofika, kijana alipata oda nzuri: apeleke viazi Kyela, arudi na mchele. Kushuka hakukuwa na shida, mzigo ulikuwa ukimsukuma na mguu haukukanyaga mafuta sana.

Kurudi ndiko kulikoleta balaa. Alitoka Kyela mchana wa jua kali, gari limejaa mchele, na mara baada ya tambarare kuisha akaanza kupanda kuelekea Tukuyu akiwa na gia ya pili, mafuta yamekanyagwa hadi chini. Alisikia injini ikigonga, mlio mkavu kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mshale wa joto ulipanda. Kabureta ikaanza kurudisha mlipuko. Alisimama, akaongeza maji, akaendelea. Akasimama tena, akaendelea tena. Alipofika Tukuyu gari lilikuwa likitembea kwa silinda mbili.

Alimpigia mzee simu. Mzee aliuliza swali moja tu: ile jeti ya kwenye karatasi iko wapi? Ilikuwa nyumbani, kwenye kabati.

Hedi ilipofunguliwa

Silinda ya kati ilikuwa imebaki na kompresheni chini ya nusu ya wenzake. Valvu yake ya egzosti, inayofungua njia ya moshi, ilikuwa imeungua, ukingo umeliwa upande mmoja. Pistoni na ringi zilikuwa salama, na gasketi ya hedi haikuonyesha kuvuja.

Kulikuwa na jambo la pili, na nisingependa lipotee. Nafasi ya valvu za egzosti, yaani mwanya kati ya valvu na kinachoisukuma, ilikuwa imebana kuliko inavyotakiwa. Valvu iliyobana haikai kitini kikamilifu, na kukaa kitini ndiko kunakoipooza, maana sehemu kubwa ya joto lake huondokea hapo. Katika gereji zote tatu hakuna aliyepima nafasi hiyo. Kwa hiyo jeti ya 95 haikuiunguza valvu peke yake. Ilipandisha joto, taimingi iliyowahishwa ikaleta kugonga, lumbesa ya mchele ikaifanya injini ikae kwenye kazi nzito kwa muda mrefu, na valvu iliyobana ikawa ya kwanza kushindwa.

Valvu ilibadilishwa, viti vikasagwa, nafasi zikapimwa zote. Gharama ilikuwa ndogo kuliko ile ovaholi iliyopendekezwa mwanzo, lakini kijana alipoteza sehemu kubwa ya msimu.

Uchambuzi: kwa nini kabureta haijui kwamba imepanda mlima

Kabureta hufanya kazi kwa mvuto wa kunyonya. Hewa ikipita kwa kasi kwenye koo lake, mgandamizo hushuka, na petroli hunyonywa kupitia jeti. Injini hunyonya ujazo ule ule wa hewa kila mzunguko, iwe Kyela au Kitulo. Kinachobadilika ni uzito wa hewa iliyo ndani ya ujazo huo. Kwenye mita 500 mita moja ya ujazo ya hewa ina kama kilo 1.17, kwenye mita 2,600 ina kama 0.95, kwa vipimo vya kawaida vya angahewa.

Kama petroli ingepungua kwa kiwango kile kile, kisa hiki kisingekuwepo. Lakini petroli haipungui hivyo. Mvuto kwenye koo hupungua sawa na uzito wa hewa, na mtiririko wa petroli hufuata kipeuo cha pili cha mvuto huo. Hewa ikishuka hadi asilimia 81, petroli hushuka hadi asilimia 90 tu. Pengo hilo ndilo moshi mweusi wa kijana wetu.

Kabureta nyingi zina pia valvu ya nguvu, inayoongeza petroli pale mvuto wa manifoldi (mabomba ya kuingizia mchanganyiko kwenye silinda) unapopungua. Kule juu dereva hukanyaga zaidi ili kupata mwendo ule ule, mvuto unapungua mapema, na valvu hiyo hufunguka kwenye kazi ambayo bondeni isingeifungua. Ndiyo maana ulaji wa mafuta ulipanda kuliko hesabu ya jeti peke yake inavyoonyesha. Shida ya kuliwasha gari likiwa la moto nayo ina mzizi huko huko: mgandamizo ukiwa mdogo petroli huchemka mapema, na mvuke wake hujaa kwenye manifoldi injini ikizimwa.

Wanafunzi huwa nawapa kazi ya kukokotoa mchanganyiko wa gari hili kwa jeti tatu. Tunaanza na dhana kwamba Kyela, kwa jeti ya 100 na mafuta yamekanyagwa yote, injini ilipata sehemu 13 za hewa kwa 1 ya petroli kwa uzito, kiasi kinachofaa kwa kazi nzito. Majibu ni haya:

Jeti 100: Kyela 13.0, Tukuyu 12.3, Kitulo 11.7.
Jeti 97.5: Kyela 13.7, Tukuyu 13.0, Kitulo 12.3.
Jeti 95: Kyela 14.4, Tukuyu 13.7, Kitulo 13.0.

Itazame Kitulo kwa jeti ya 95 na Kyela kwa jeti ya 100. Ni namba moja. Mzee, kwa uzoefu wake, alikuwa amerudisha kule juu mchanganyiko ule ule uliokuwa bondeni. Sasa itazame Kyela kwa jeti ya 95: 14.4. Kwa kutembea taratibu kwenye tambarare namba hiyo haina ubaya. Kwa kupanda na mzigo, kwenye joto, na cheche imewahishwa nyuzi nne, ni hatari. Petroli ya ziada kwenye kazi nzito hupooza chumba cha moto inapogeuka mvuke, na hapo ndipo ilipokosekana.

Uamuzi uliofaa na ulioshindwa

Gereji ya kwanza siilaumu sana, ilibadilisha vitu rahisi na vya bei ndogo. Kosa la gereji ya pili ni zito zaidi. Saa yao ya kompresheni ilikuwa sahihi, walichokosa ni kuuliza wako mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Fundi wa nyanda za juu anayefuata namba za kitabu bila kuzipunguza atazihukumu injini nzima kila siku, na wateja watauza mazao kulipia ovaholi zisizohitajika. Njia nyepesi ni kulinganisha silinda kwa silinda kwanza. Zikikaribiana, usiitaje ringi kabla hujafanya hesabu.

Mzee alifanya utambuzi sahihi na marekebisho sahihi kwa mahali gari lilipokuwa. Kilichoshindwa ni makabidhiano. Jeti na taimingi alizoweka zilikuwa za Kitulo, lakini magurudumu ya gari ni ya popote. Jeti kwenye karatasi bila maelezo haina faida, maana kijana hakujua ni kifaa cha nini, na aliiweka kabatini kwa heshima tu ya mzee. Sentensi mbili zingetosha: usishuke chini ya Tukuyu na mzigo bila kurudisha hii, na ukisikia injini inagonga, ondoa mguu. Ningeongeza na kibandiko chini ya boneti chenye namba ya jeti, nyuzi za taimingi na mwinuko vilikowekwa, maana fundi mwingine atakayelifungua gari Mbeya au Kyela hatakuwa na simu ya mzee.

Kijana naye alikuwa na alama za kutosha njiani. Injini inayogonga na kupanda joto haitibiwi kwa maji ya rejeta. Lakini hakuna aliyewahi kumweleza mlio ule maana yake ni nini, na ningependa sisi tunaofundisha mafundi tuwafundishe pia kuzungumza na madereva.

Gari lilivyo sasa

Mzee aliweka jeti ya 97.5 na kurudisha taimingi kwenye alama ya kitabu. Kule juu petroli inazidi kidogo, plagi ni nyeusi kiasi kuliko zilivyokuwa kwa 95, na ulaji ni kilomita 10 kwa lita. Kijana amekubali hasara hiyo. Petroli ikizidi kidogo inachafua plagi na kula fedha, ikipungua kwenye kazi nzito inakula valvu na pistoni. Kwa gari la njia inayopanda na kushuka hivi, ninakubaliana na mzee kabisa.

Mzigo wa Kyela haupeleki mwenyewe tena. Anaushusha Tukuyu, ndugu yake mwenye gari la bondeni anauchukua hapo na kumletea mchele.

Wanafunzi huuliza kama haya yote yanahusu magari ya EFI, ambayo petroli yake hupuliziwa kwa amri ya kompyuta. Kwa sehemu kubwa hayahusu: sensa ya mgandamizo au ya mtiririko wa hewa huiarifu kompyuta, sensa ya oksijeni inasahihisha kilichobaki, na petroli inapunguzwa yenyewe. Nguvu bado itapungua, isipokuwa kwa injini yenye tabo (feni inayoisukumia injini hewa), ambayo hulifidia pengo hilo kwa kiasi kikubwa. Zipo pia kabureta zilizoundwa na kifaa cha kufidia mwinuko, kikopo kinachotanuka hewa ikiwa nyepesi na kufungua njia ya hewa ya ziada, lakini kwenye magari yaliyotumika sana mara nyingi utakikuta kimezibwa au mipira yake imekatika, kwa hiyo kagua kwanza kabla ya kugusa jeti. Dizeli za pampu ya zamani hutoa moshi mweusi mlimani kwa sababu hiyo hiyo, pampu inapima mafuta bila kujua hewa imepungua. Na bodaboda za kabureta zinazonunuliwa mjini na kupelekwa Makete, Njombe au Lushoto huja gereji na plagi nyeusi zile zile. Muulize kwanza mwenye nayo alikoinunua, na inakoshukia na abiria.